Kukosa na Kukosewa: Mwanamke, Jinai na Jeraha la Nafsi katika Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Shanzu ni mtaa wa pwani ulioko kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, upande wa bara ya Kisauni, kabla ya msafiri kuvuka daraja la Mtwapa na kuingia Kilifi. Wageni huujua kwa hoteli zake na mchanga wake mweupe. Wenyeji wa Mombasa, kwa upande wao, huujua zaidi kwa mambo mengine mawili: mahakama yake, na magereza ya Shimo la Tewa, la wanaume na la wanawake. Tewa ni samaki mkubwa wa miambani ambaye makazi yake ni pango. Jina hilo la kivuvi sasa limekuwa jina la kifungo, na mtu akisema kwamba fulani "yuko Shimo" hahitaji kuongeza neno.

Mnamo Juni 1923 mahali hapo palikuwa pwani ya wavuvi na wakulima. Mnamo Juni 2023 palikuwa pahali pa kesi iliyozua mjadala nchini Kenya nzima. Watu 65, wake kwa waume, waliokuwa wameokolewa kutoka msitu wa Shakahola, walifikishwa mbele ya mahakama ya Shanzu na kushtakiwa kwa kosa la kujaribu kujiua. Katika msitu huo waumini walikuwa wamefunga kula mpaka kufa, na miili iliyofukuliwa ilizidi 400. Waliosalia hai waliwekwa katika kituo cha kuwahifadhi, na baadhi yao wakaendelea kukataa chakula. Kukataa huko ndiko kulikogeuzwa kuwa shtaka chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, na mahakama ikaamuru wapelekwe Shimo la Tewa. Watu waliokuwa wamepoteza watoto, wenzi na akili ya kutaka kuishi waliitwa washtakiwa kabla hawajaitwa wagonjwa.

Tukio hilo ni la sheria, si la fasihi. Hata hivyo swali linalotokana nalo ni swali ambalo fasihi ya Kiswahili imelishughulikia kwa zaidi ya miaka 50, na hasa katika kazi zinazohusu ukombozi wa mwanamke: je, mtu aliyetenda kosa kwa sababu nafsi yake imejeruhiwa asomwe kama mkosaji au kama mkosewa? Makala haya yanakusudia kufuatilia historia ya swali hilo katika baadhi ya kazi mashuhuri, na kuonyesha kwamba fasihi ilianza kumsikiliza mwanamke mkosaji mapema kuliko sheria, ingawa usikilizaji huo haujakamilika hata sasa.

Neno kosa na jamaa zake

Inafaa kuanza na lugha yenyewe. Maneno mengi ambayo Kiswahili hutumia kutajia uovu yametoka katika Kiarabu: dhambi, hatia, jinai. Neno hatia, kwa mfano, lina asili ya maana ya dhambi, nalo limehama kutoka msikitini hadi mahakamani bila ya kuiacha kabisa maana yake ya kwanza. Mtu anayetiwa hatiani na hakimu anahukumiwa pia, kwa sauti ya chini, na jamii na dini.

Neno kosa ni la Kibantu, nalo lina utajiri wa pekee. Kitenzi kukosa kina maana mbili zinazokaa pamoja: kutenda lisilo sawa, na kutopata au kupungukiwa na kitu. Mtoto aliyekosa adabu na mtoto aliyekosa chakula wanatajwa kwa kitenzi kimoja. Kitenzi hicho kikinyambuliwa hutoa kukosea, yaani kumtendea mtu jambo baya, na kukosewa, yaani kutendewa jambo hilo. Kwa hiyo sentensi fupi "mwanamke huyu amekosa" inaweza kuwa hukumu, na inaweza kuwa maelezo ya upungufu. Msikilizaji ndiye anayechagua.

Jamii imezoea kuchagua maana ya kwanza. Methali isemayo kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole hutumiwa mara nyingi juu ya msichana aliyepata mimba nje ya ndoa au mke aliyeikimbia nyumba yake. Methali hiyo ina dai moja kubwa ndani yake, nalo ni kwamba aliyedungwa alijidunga mwenyewe. Historia itakayoelezwa hapa ni historia ya waandishi walioanza kulitilia shaka dai hilo.

Sheria na akili ya mwanamke

Sheria ya Kenya, kama ilivyorithiwa kutoka kwa Waingereza, iliitambua nafsi iliyovurugika ya mwanamke katika mlango mmoja mwembamba. Kifungu cha 210 cha Kanuni ya Adhabu kinaeleza kwamba mwanamke anayemwua mtoto wake ambaye hajafikisha miezi 12, hali akili yake haijatulia kwa sababu ya uzazi, hatahesabiwa kuwa ametenda mauaji ya kukusudia, bali kosa dogo kuliko hilo. Nje ya mlango huo, sheria haikuuliza sana mwanamke alikuwa amepitia nini kabla ya siku ya kosa.

Aidha, katika miaka iliyofuata uhuru, mizani ya sheria ilielemea upande mmoja. Mwaka 1969 ilifutwa sheria iliyowawezesha wanawake wasioolewa kudai matunzo ya watoto kutoka kwa baba zao. Mswada wa Ndoa ulikataliwa bungeni mwaka 1976 na tena mwaka 1979, na miongoni mwa hoja zilizotolewa kuupinga ni kwamba ungemnyima mume haki ya kumrudi mkewe kwa kipigo. Mwaka 1980 Mahakama Kuu mjini Mombasa ilimwachilia baharia wa manowari ya Kimarekani aliyekiri kumwua mwanamke mmoja wa mji huo bila ya kukusudia. Adhabu yake ilikuwa dhamana ya shilingi 500 na ahadi ya mwenendo mwema kwa miaka miwili. Magazeti, mabunge na mimbari zilipiga kelele, na wengi walisema wazi kwamba thamani ya uhai wa mwanamke maskini ilikuwa imetangazwa kwa tarakimu.

Fasihi ya miaka ya 1970 na 1980 iliandikwa katika hali hiyo. Msomaji akisahau hali hiyo, huenda akaona ukali wa baadhi ya kazi hizo kuwa chumvi ya kisanaa tu.

Miaka ya 1970: kosa kama mwisho wa hadithi

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971 na kwa muda ikapigwa marufuku katika shule za Tanzania. Waliohofia riwaya hiyo walitaja uwazi wake juu ya mambo ya ndoa na tamaa. Hata hivyo jambo lililo zito zaidi ndani yake ni mpangilio wa sababu. Rosa hafiki mjini akiwa mwovu. Riwaya inaanza Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe, nyumbani kwa Zakaria, baba mlevi ambaye ulinzi wake juu ya binti yake ni wa fimbo na kufungia ndani. Barua ya kijana mmoja inatosha kumletea Rosa kipigo kikali. Msichana aliyelelewa kwa hofu anapopata uhuru wa chuo hajui kuutumia. Yanayofuata ni utembezi, utoaji wa mimba, kukataliwa na mwanamume aliyetaka kumwoa, na hatimaye kujiua.

Kwa hiyo Kezilahabi alikwisha kuliweka jeraha mbele ya kosa. Lakini muundo wa riwaya bado unalifanya kosa kuwa mwisho. Rosa akishakosa hana mahali pa kurudi, na mauti ndiyo njia pekee ambayo hadithi imemwachia. Msomaji anaweza kuifunga riwaya akimlaumu Zakaria, na anaweza pia kuifunga akiwaonya binti zake wasiwe kama Rosa. Kwa miaka mingi masomo hayo mawili yamekwenda sambamba madarasani, na la pili limekuwa rahisi zaidi kufundishwa.

Mwaka mmoja baadaye, yaani 1972, Penina Muhando alitoa tamthilia aliyoiita Hatia. Uchaguzi wa jina ni wa maana. Tamthilia inamhusu msichana anayerudi kijijini na mimba aliyoipata mjini, na neno hatia linazunguka miongoni mwa wahusika likitafuta mtu wa kumkalia. Huo ulikuwa mwanzo wa kazi ndefu ya mwandishi huyo juu ya mwanamke na jamii, kazi iliyofikia Nguzo Mama (1982), ambamo wanawake wa kijiji wanashindwa kuisimamisha nguzo yao kwa sababu kila mmoja ana mzigo unaomvuta kando.

Mombasa ilikuwa na sauti yake katika mjadala huo. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa mji huo, alifungwa kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa kutoka 1969 hadi 1972, na mashairi aliyoyatunga kifungoni yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Miongoni mwake limo shairi liitwalo "Usiniuwe!", ambamo kitoto kilichomo tumboni kinamsihi mama yake asikitoe. Ni shairi lenye nguvu kubwa ya hoja na huruma. Hata hivyo, kwa upande wa historia inayofuatiliwa hapa, ni muhimu kutambua kwamba huruma hiyo imekabidhiwa kwa asiyezaliwa. Mshairi aliyejua vizuri maana ya kuhukumiwa alikipa kiumbe kisichosema usemi wa kujitetea. Mwanamke aliyefikishwa kwenye ukingo huo bado alikuwa anangoja mtu wa kumfanyia vivyo hivyo.

Miaka ya 1980: kosa kama jibu

Mabadiliko makubwa yalitokea katika muongo uliofuata. Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed iliyochapishwa mwaka 1980, inakwenda hatua moja mbele ya Rosa Mistika. Maksuudi ni mtu wa cheo na siasa ambaye amemfungia ndani mkewe Tamima na binti yake Maimuna. Nyumba ni gereza kwa kila hali isipokuwa jina. Maimuna anatoroka, anaingia katika ulevi na umalaya, na anaporomoka kwa namna ambayo ingetosha kumwua Rosa. Tofauti ni kwamba Maimuna hafi. Anarudi, ana mwili uliochoka na kumbukumbu nzito, na riwaya inaendelea kumtazama. Zaidi ya hayo, anguko la Maksuudi linatokana na wanawake aliowadhulumu. Kwa mara ya kwanza kwa uwazi huo, wanaume wenye heshima wanaonyeshwa kuwa ndio wenye jinai, na makosa ya wanawake yanaonyeshwa kuwa majibu.

Katika tamthilia ya Alamin Mazrui wa Mombasa, Kilio cha Haki (1981), mwanamke aitwaye Lanina anawaongoza wafanyakazi wa shamba la mlowezi kudai haki zao, na uongozi wake unamtia kifungoni. Hapa jinai yenyewe imebadilika sura. Kosa la Lanina si la mwili wala la tamaa, ni la kusema. Mwandishi mwenyewe aliwekwa kizuizini mwaka 1982, na hivyo tamthilia na maisha yakaelezana. Jambo ambalo uhakiki umeligusa kidogo ni kwamba Lanina amezingirwa pande mbili: na dola inayomwita mhalifu, na mumewe anayeuona uongozi wake kuwa aibu ya nyumba.

Ari Katini Mwachofi aliiingiza nyumba hiyo jukwaani kwa ukamilifu katika Mama Ee (1987). Tenge anampiga mkewe Mwavita, na tamthilia inakataa kukichukulia kipigo kuwa jambo la siri ya ndoa. Ikisomwa pembeni mwa kukataliwa kwa Mswada wa Ndoa, Mama Ee ni kesi iliyokatwa jukwaani baada ya bunge kukataa kuisikiliza. Ni muhimu pia kwamba mwandishi ni mwanamke. Maumivu ya Mwavita hayatumiwi kuwa onyo kwa wanawake wengine. Yanawekwa mbele ya watazamaji ili waulizwe wao.

Firdaus: mkosaji anaposema mwenyewe

Wakati Kiswahili kilipokuwa kikipitia hatua hizo, nchini Misri kilitoka kitabu ambacho kimekuwa kipimo cha kazi za aina hii. Nawal El Saadawi, daktari wa maradhi ya akili, alikuwa akichunguza hali za nafsi za wanawake, na uchunguzi huo ukamfikisha katika gereza la Qanatir. Huko alikutana na mwanamke aliyehukumiwa kifo kwa kumwua mwanamume aliyekuwa akiishi kwa pato la mwili wake. Mwanamke huyo alinyongwa mwaka 1974. Riwaya iliyotokana na makutano hayo ilitoka kwa Kiarabu mwaka 1975, na tafsiri yake ya Kiingereza, Woman at Point Zero, ikaenea duniani kuanzia mwaka 1983.

Nguvu ya kitabu hicho imo katika jambo moja la fani. Daktari anakaa sakafuni mwa chumba cha kifungo, na Firdaus ndiye anayesimulia. Anaeleza utoto wake, ndoa yake, mitaa aliyolala, na kisu. Haombi msamaha na amekataa kutia sahihi ombi la kupunguziwa adhabu. Msikilizaji wake, ambaye kazi yake ni kupima akili za watu, anaondoka akiwa amepimwa yeye. Mwaka 1981 El Saadawi mwenyewe aliingizwa katika gereza hilohilo la Qanatir kwa amri ya serikali.

Kipimo hicho kikiletwa kwa Rosa, Maimuna na Lanina, tofauti inaonekana mara moja. Fasihi ya Kiswahili ilikuwa imekwisha kumwonea huruma mwanamke mkosaji na kueleza sababu za kosa lake. Lakini kwa kawaida msimulizi alisimama kati yake na msomaji, akisema kwa niaba yake.

Chozi la Heri: bweni na gereza

Riwaya ya Assumpta Matei, Chozi la Heri (2014), iliyosomwa na wanafunzi wengi wa Kenya kama kitabu teule, ndiyo kazi ya Kiswahili iliyokusanya kwa upana zaidi mada za mwanamke, jinai na jeraha la nafsi. Imeandikwa chini ya kivuli cha ghasia zilizofuata uchaguzi. Lime na Mwanaheri wananajisiwa mbele ya baba yao. Pete, aliyeozwa akiwa mdogo na kutupwa kutoka dhiki moja hadi nyingine, anajaribu kujiua kwa sumu ya panya. Sauna, kijakazi wa nyumbani, anawaiba watoto wawili wa mwajiri wake na kuwapeleka kwa Bi Kangara, mwanamke mwenye biashara ya kuuza watoto.

Pete anapozinduka yuko hospitalini, katikati ya wauguzi, na hapo ndipo maisha yake yanaposimuliwa. Katika riwaya, kujaribu kujiua kunampeleka mtu kitandani. Miaka tisa baada ya kuchapishwa kwake, kitendo cha namna hiyo kiliwapeleka watu Shanzu, kizimbani. Msomaji yeyote wa kitabu hicho aliyesikia habari za Juni 2023 alikuwa na haki ya kujiuliza kwa nini mwandishi wa riwaya aliona jambo ambalo waendesha mashtaka hawakuliona.

Mwanaheri naye anapata kitu adimu. Katika bweni la shule, yeye na wasichana wenzake wanasimuliana yaliyowapata, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anamsikiliza mwenzake hadi mwisho. Matei hatumii istilahi za kitabibu. Neno kiwewe, ambalo siku hizi limepewa kazi ya kutaja mshtuko wa kudumu wa nafsi, halihitajiki kwa wasichana hao. Wanachohitaji ni mtu wa kusikia. Methali isemayo kwamba mficha maradhi kilio humfichua inapata maana mpya hapo, kwa kuwa maradhi yanayofichwa ni kumbukumbu.

Sauna yuko nje ya duara hilo. Alinajisiwa na baba yake wa kambo. Mama yake alimsaidia kuitoa mimba, kisha akamtaka anyamaze ili nyumba isiaibike. Kimya hicho ndicho alichoondoka nacho nyumbani, na ndicho kilichomfikisha kwa Bi Kangara. Riwaya inatueleza yote hayo kwa uaminifu, wala haimsamehei. Watoto aliowaiba wana maumivu yao, na mmoja anaingizwa katika biashara ya dawa za kulevya. Sauna anakamatwa na kufungwa, na haki inaonekana imetendeka. Lakini mtu anayemtazama vizuri huona kwamba yeye peke yake, miongoni mwa wasichana walionajisiwa katika riwaya hiyo, hakupata bweni la kusimulia. Amri ya mama yake ya kunyamaza haikuwahi kubatilishwa na mtu yeyote. Tofauti kati ya Mwanaheri na Sauna haitokani na ukubwa wa jeraha. Mmoja alisikilizwa mapema, na mwingine alikosa, kwa maana zote mbili za kitenzi hicho.

Inaweza kupingwa kwamba mwandishi hawezi kumpa kila mhusika nafasi ya kujieleza, na kwamba kumsikiliza mwizi wa watoto kwa huruma ni kuwakosea walioibiwa. Pingamizi hilo lina uzito. Hata hivyo kusikiliza si kufuta hukumu. Firdaus alisikilizwa na bado akanyongwa. Kinachobadilika ni ujuzi wa jamii: inajua kosa lilianzia wapi, na inaweza kuuziba mlango huo kabla msichana mwingine hajapitia.

Hitimisho

Njia iliyopitiwa na fasihi ya Kiswahili katika jambo hili inaweza kufupishwa hivi. Katika miaka ya 1970 kosa la mwanamke lilikuwa mwisho wa hadithi yake, ingawa waandishi walikwisha kuanza kuonyesha mkono wa baba na wa jamii. Katika miaka ya 1980 kosa lilisomwa kama jibu, na aliyekosa akasalia hai ili aonekane. Katika karne hii jeraha la nafsi limepata nafasi yake waziwazi, pamoja na hospitali, bweni na wasikilizaji. Kilichobaki ni hatua ambayo El Saadawi aliichukua alipokaa sakafuni: kumwachia aliyefungwa aseme kwa kinywa chake, kwa Kiswahili chake, hata kama maneno yake hayatampendeza msomaji.

Sheria imeanza kusogea. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ilipitishwa mwaka 2006, na ile ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani mwaka 2015. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226, kilichotumiwa Shanzu, kinakwenda kinyume na Katiba, kwa kuwa kinamwadhibu mtu kwa sababu ya maradhi ya akili. Uamuzi huo ulikuja miaka 54 baada ya Rosa Mistika.

Kwa walimu wa fasihi, funzo ni la karibu zaidi. Riwaya hiyo ilipokuwa kitabu teule, wanafunzi waliulizwa katika mitihani wataje sifa za Sauna, nao walijibu kwamba ni mwongo, mwizi na katili. Majibu hayo yalikuwa sahihi, na yalipewa alama. Swali ambalo lilikuwa nadra kuulizwa ni hili: ni nani angeweza kumsikiliza, na lini? Mwanafunzi anayezoeshwa kuuliza hivyo ndiye atakayekuwa kesho hakimu, mwuguzi au askari wa zamu katika mahakama kama ile ya Shanzu, naye atamkuta mbele yake mwanamke aliyekosa. Kitenzi hicho bado kitakuwa na maana mbili.